TURUDI NA NINI KUTOKA UGENINI?



Shukrani zote zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, aliyempa mwanadamu macho ya kutazama na akili ya kuzingatia. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu wanafunzi, katika toleo la mwaka huu tumeona tuzungumze juu ya safari. Sisi wa Mbebe ni watu wa mpakani. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Ukishika njia ya Mpemba unatokea Tunduma, na ukivuka Tunduma umeingia Nakonde, nchi ya Zambia. Kila mwaka baadhi ya kaka zenu waliohitimu hapa madrasa huifuata njia hiyo. Wengine huishia Mbeya au Dar es Salaam, wengine hufika Lusaka na Afrika Kusini, na wachache Allah huwajaalia kufika mbali zaidi kwa masomo au kwa kazi.

Wanaporudi huwa tunakaa nao barazani baada ya Isha na kuwasikiliza. Hutusimulia habari za majumba marefu, treni zipitazo chini ya ardhi, ngazi zinazotembea zenyewe na mashine zinazotoa fedha ukutani. Sisi husema, "Subhanallah!" Kisha kila mtu huchukua kandambili zake akaenda kulala. Asubuhi tunaamka, na hapa kijijini hakuna kilichobadilika isipokuwa kwamba sasa tunajiona masikini kuliko jana.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama na kuulizana. Kama safari ya mwenzetu imetuachia mshangao peke yake, je, imetufaa nini? Maoni yetu ni kwamba msafiri wa elimu hupimwa kwa mambo mawili: swali aliloondoka nalo nyumbani, na kazi inayofanyika nyumbani baada ya yeye kurudi. Maajabu aliyoyaona njiani ni kitoweo cha mazungumzo tu.

TUJISUTE KWANZA SISI WENYEWE

Kabla ya kuwanyooshea vidole wasafiri, tuseme kosa letu. Wanafunzi wakubwa mnalikumbuka, na wadogo afadhali mlijue.

Miaka michache iliyopita ndugu yetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi nje ya nchi alituletea sadaka ya paneli ya umeme wa jua, betri moja kubwa, kifaa cha kudhibiti chaji na taa nne. Tulifurahi sana. Tulisoma dua, tukamwombea yeye na wazazi wake. Darsa la baina ya Magharibi na Isha likaachana na koroboi, na wale wa hifdhi wakawa wanaiona herufi na irabu zake bila kuinamisha uso hadi kwenye msahafu.

Baada ya mwaka na ushei taa zikaanza kufifia, kisha zikazimika kabisa. Tukasema, "Betri imekufa." Tukarudi kwenye koroboi, tukawa tunangoja fundi wa kutoka mjini. Tulingoja miezi saba. Katika miezi hiyo darsa la jioni lilipungua watoto, na wapo ambao hadi leo hawajarudi.

Fundi alipofika, kazi yake haikuchukua nusu saa. Alifungua vifuniko sita vilivyo juu ya betri, akatuita tuchungulie. Maji ndani yalikuwa yameshuka mpaka sahani za risasi zimebaki wazi. Akatueleza kwamba betri za aina ile, kama zile za magari, hupoteza maji kidogo kidogo kila zinapochajiwa, na mwenye betri hutakiwa kuchungulia mara kwa mara na kujazia maji safi ya betri, yale yasiyo na chumvi wala madini, yanayouzwa katika maduka ya vipuri. Tungefanya hivyo mapema ingedumu. Kwa kuwa ilikaa kavu miezi yote hiyo, sahani zilikuwa zimeharibika na haikuweza kufufuliwa.

Ndugu wanafunzi, tulipoteza taa nne kwa kukosa chupa chache za maji. Aliyetuletea hatumlaumu, kwani alitoa alichonacho kwa ajili ya Allah. Lawama ni yetu. Siku ya kukipokea kitu kile tulikuwepo zaidi ya watu thelathini, walimu kwa wanafunzi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: kitu hiki kinakula nini? Tulikipokea kama maajabu. Na kitu ukikipokea kama maajabu huwezi kukitunza, maana maajabu hutazamwa tu.

SALMAN (R.A.) NA HANDAKI LA MADINA

Somo hili lilikuwa mbele yetu muda wote katika sira tunayoisoma kila mwaka. Mwaka wa 5 Hijria Makuraishi na makabila waliyofungamana nayo waliiendea Madina wakiwa na jeshi la watu wapatao elfu kumi. Waislamu walikuwa kiasi cha elfu tatu. Katika mashauriano akasimama Salman al-Farsi (r.a.), akaeleza kwamba kwao Uajemi, watu wakihofia kuzingirwa na wapanda farasi, huchimba handaki. Waarabu hawakuwa wakiijua mbinu hiyo. Mtume (s.a.w.) aliikubali.

Tuzingatie mambo matatu katika kisa hiki.

La kwanza, Salman alikuwa ametembea sana. Alitoka Uajemi akaenda Sham, Mosul na kwingineko akiitafuta dini ya haki, na mwisho akauzwa utumwani hadi akafika Madina. Bila shaka alikuwa ameona mambo mengi: majumba ya wafalme, ngome, mavazi na masoko. Siku ile hakusimulia hata moja katika hayo. Alichagua jambo moja lililojibu swali ambalo Madina ilikuwa nalo siku hiyo.

La pili, handaki halikuchimbwa kuuzunguka mji mzima. Mashariki na magharibi Madina ilikuwa na ardhi ya mawe meusi ya volkano ambayo farasi hawaiwezi, na kusini kulikuwa na mitende na nyumba zilizobanana. Upande uliokuwa wazi ni wa kaskazini, na huko ndiko walikochimba. Maarifa yalitoka Uajemi, lakini kipimo chake kilichukuliwa Madina.

La tatu, na ndilo linalotuuma zaidi, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alichimba na kubeba mchanga mpaka vumbi likamfunika tumbo lake tukufu. Hakusema, "Tungoje mafundi kutoka Uajemi." Kila mtu alishika chombo. Kazi ilipokwisha, walikuwepo Madina watu elfu tatu wanaojua kuchimba handaki, ambapo awali alikuwa akilijua mmoja tu.

JUMBA LA MAAJABU NA MAJI YA MFEREJI

Tushuke sasa kwenye zama za karibu na nchi yetu wenyewe. Sayyid Barghash bin Said alitawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Kabla ya kutawala alikuwa ameishi uhamishoni Bombay, na mwaka 1875 alifunga safari ya kwenda Uingereza, akaona viwanda na miji ya wakati ule. Mwaka 1883 akajenga Unguja jumba kubwa kuliko yote, ambalo baadaye likawa na taa za umeme na lifti wakati ambapo vitu hivyo vilikuwa nadra katika Afrika Mashariki nzima. Watu wakaliita Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu.

Jina hilo lina mafunzo. Mwananchi wa kawaida hakupanda lifti ile wala hakusoma kwa taa zile. Alisimama Forodhani akashangaa. Na ajabu nayo huchakaa: mwezi Desemba mwaka 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka.

Hata hivyo tusimdhulumu Sayyid Barghash, kwani alifanya mengine mawili yasiyotajwa sana na wapiga picha. Alileta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji kwa mifereji hadi mjini, mahali ambapo watu walikuwa wakitegemea visima vyenye maji yasiyo salama na ambapo kipindupindu kilikwisha kuua wengi. Pia alianzisha kiwanda cha kupigia chapa, na kuanzia karibu na mwaka 1880 vikachapwa hapo Unguja vitabu vya fiqhi vilivyokuwa vikinakiliwa kwa mkono. Maji na vitabu vilijibu maswali ambayo watu walikuwa nayo tangu kabla Sultani hajapanda meli. Mtu mmoja, safari zile zile, na faida mbili tofauti kabisa. Kila mwenye kusafiri ajiulize: nitakachorudi nacho ni lifti au ni maji?

MTAFITI ALIYEONDOKA NA SWALI LA KISIMA

Watasema baadhi yenu, "Huyo alikuwa Sultani mwenye mali." Basi tumtazame mtoto wa mkulima. Dk. Askwar Hilonga ni Mtanzania aliyezaliwa katika kijiji cha Gongali wilayani Karatu. Utotoni alikunywa maji machafu kama wanavyokunywa watoto wengi wa vijijini, na maradhi ya tumbo aliyajua kwa mwili wake. Akasoma, akafika Korea Kusini, na huko akapata shahada ya uzamivu katika fani inayoitwa nanoteknolojia, yaani elimu ya kutengeneza na kutumia vitu vidogo mno, vidogo kuliko vinavyoweza kuonekana kwa darubini ya kawaida ya maabara ya shule.

Ndugu wanafunzi, Korea Kusini ni nchi ya meli kubwa, simu, magari na luninga. Elimu ya vitu vidogo hutumika huko katika mengi ya hayo. Mtu angeweza kurudi kutoka huko na masimulizi ya kututosha mwaka mzima barazani. Yeye alirudi na kichujio cha maji. Akiwa mhadhiri katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha, alitengeneza chujio linaloanza na mchanga, ule ule ambao wazee wetu waliutumia, kisha likaongezewa chembechembe ndogo zinazonasa kile ambacho mchanga hauwezi kukizuia.

Kwa nini mchanga peke yake usitoshe? Mchanga huzuia takataka na vijidudu vingi, lakini hauzuii madini yaliyoyeyuka ndani ya maji. Katika sehemu nyingi za kaskazini mwa nchi yetu maji yana floraidi kupita kiasi. Ndiyo inayowafanya watu wa huko meno yao yawe na rangi ya kahawia, na ikizidi hupinda mifupa ya watoto. Maji ya mahali pengine yana shida nyingine. Kwa sababu hiyo hupimwa kwanza maji ya mahali husika, kisha chujio hutengenezwa kulingana na shida yake. Hapa tena tunaliona lile la handaki: maarifa ya mbali, kipimo cha nyumbani. Mwaka 2015 chujio hilo lilimpatia tuzo ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Mwaka huo ndio tuzo hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza.

Tunachokipenda katika habari hii kuliko fedha za tuzo ni kwamba swali lilikuwa limekwisha zaliwa Gongali. Korea ilikuwa ni mahali pa kutafutia jibu. Angeondoka bila swali, huenda Korea ingempa swali la kwao, naye angebaki huko kulijibu.

JIRANI YETU WA KASUNGU

Wengine watasema, "Sisi hatuna nauli ya kufika hata Dar es Salaam." Kwa hao tunatoa mfano wa jirani. Katika Malawi hiyo hiyo iliyo ng'ambo ya Songwe, huko Wimbe, wilaya ya Kasungu, alikuwepo kijana aitwaye William Kamkwamba. Wakati wa njaa kubwa ya mwaka 2001 na 2002 wazazi wake walishindwa kumlipia karo, akaacha sekondari. Hakukaa kijiweni. Alikwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi, akaazima vitabu vya sayansi. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo alianza kwa kuitazama michoro na kuyatafuta maneno yaliyo karibu nayo.

Katika kitabu kimoja akaona picha ya mtambo unaozungushwa na upepo. Akaokota feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo ya taa ya baiskeli na mabomba ya plastiki, akayakata mabomba na kuyanyoosha kwa moto yakawa mapanga ya kukamata upepo, kisha akasimamisha mnara wa miti ya mikaratusi. Watu walimcheka, wakadhani amerukwa na akili au anavuta bangi. Siku taa ilipowaka, kicheko kilikwisha.

Mwaka 2007 kijana huyu alialikwa kwenye mkutano wa wavumbuzi na wanazuoni uliofanyika hapa nchini kwetu, Arusha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na huko Arusha ndiko alikoona intaneti kwa mara ya kwanza. Wakamwonyesha namna ya kutafuta habari, naye akatafuta habari za mitambo ya upepo, akaona kumbe dunia imejaa michoro na maelezo ya jambo alilohangaika nalo peke yake. Tafakarini: mtu anayeiona intaneti mara ya kwanza huweza kutafuta chochote, na wengi wetu tulianza na picha za wacheza mpira. Yeye alikuwa na swali mfukoni. Baadaye alisoma Afrika Kusini na Marekani, akahitimu mwaka 2014, lakini safari ilikuja baada ya kazi.

HATA WAGENI WALIOKUJA KWETU

Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingine anayesafiri kikazi ni wao kuja kwetu, na kanuni haibadiliki. Mwaka 2005 kampuni ya simu ya Uingereza, Vodafone, pamoja na Safaricom ya Kenya walianza kujaribu mfumo wa kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Hilo ndilo wazo walilokuja nalo. Walipowatazama watu wanavyoutumia, wakaona wanatumiana fedha wao kwa wao, mjini kwa shamba, mtoto kwa mzazi. Wangekuwa wakaidi wangesema, "Mnakosea, huu ni mfumo wa mikopo." Wao waligeuza mpango. Mwezi Machi mwaka 2007 M-Pesa ilizinduliwa Kenya kuwa huduma ya kutumiana fedha, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Leo ndugu yako aliye Dar es Salaam anakutumia ada ya shule bila kumpa kondakta wa basi bahasha. Jambo hilo lilipatikana kwa sababu mgeni alikubali kufundishwa na mwenyeji.

MAJIBU KWA PANDE MBILI

Wapo wazee wetu, tunaowaheshimu sana, wanaosema kwamba elimu ya ugenini huharibu dini ya vijana, na afadhali mtoto abaki na juzuu yake. Tunawaelewa hofu yao, kwani wapo kweli waliokwenda wakaacha swala. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoikubali rai ya Salman, alikubali ufundi wa watu wa Uajemi ambao siku hizo waliabudu moto. Alichukua handaki, hakuchukua moto. Na katika Suratul Ankabut, aya ya 20, tunaamrishwa kutembea katika ardhi na kutazama jinsi uumbaji ulivyoanza. Dawa ya hofu hii ni kumlea kijana akajua kuchagua. Kumfungia mlango si dawa, maana mlango wetu ni mpaka, na kila siku malori hupita.

Wapo pia vijana wanaosema kwamba huku kwetu hakuna kitu, na kila chema kiko ng'ambo. Hao tunawauliza: mmewahi kuhesabu maswali yaliyopo hapa Mbebe? Kahawa hunyeshewa ikiwa inaanikwa. Mahindi hutobolewa na dumuzi kabla ya mwaka kwisha. Mama zetu hupikia kuni mbichi na macho yao yanaharibika kwa moshi. Mto Songwe hubadili njia yake wakati wa mvua, leo shamba liko huku, kesho liko kwa jirani. Mtu aliyezungukwa na maswali mengi namna hii akasema hapana cha kufanya, tatizo lake si nauli.

Na neno kwa wanafunzi wa kike. Mnajua kuliko wavulana maji yanatoka wapi, kuni zinaisha lini na unga unaoza vipi. Maswali mengi ya kijiji hiki yamo mikononi mwenu. Msingoje kaka zenu wasafiri ndipo yaulizwe.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Kwanza, madrasa iwe na Daftari la Maswali. Likae kabatini pamoja na vitabu vingine, na mwanafunzi yeyote mwenye swali juu ya maji, mazao, moto, taa au ugonjwa wa mifugo aliandike humo pamoja na tarehe. Anayejaaliwa kusafiri, hata kama ni Vwawa au Mbeya tu, apewe swali moja aondoke nalo.

Pili, kila anayerudi kutoka safari tumkaribishe barazani kama kawaida, tumpe chai, na baada ya masimulizi tumwulize mambo matatu kuhusu kitu chochote anachokisifia: kinafanyaje kazi? Kinaharibika vipi, na nani hukitengeneza? Na huku kwetu kitajibu swali gani? Akishindwa kujibu si aibu. Itakuwa amejua cha kutazama safari ijayo.

Tatu, hakuna kifaa kitakachopokelewa hapa kama sadaka kabla wanafunzi wawili hawajafundishwa kukitunza, mvulana mmoja na msichana mmoja. Tumekwisha nunua betri nyingine kwa michango yenu, Allah awalipe. Safari hii ipo karatasi iliyobandikwa ukutani, na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi wanafunzi wawili huchungulia maji chini ya usimamizi wa mwalimu, kwa tahadhari ya macho na mikono, kwa kuwa ndani ya betri mna tindikali inayounguza. Tangu tuanze utaratibu huo taa hazijazimika.

HITIMISHO

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia hata akitembea mbele na nyuma ya chombo, mwisho wake hurudi ndani, na huko ndani ndiko maji huvujia. Ndugu wanafunzi, tunawaombea safari ndefu na za heri. Nendeni Tunduma, nendeni Lusaka, nendeni hata Korea. Mkiona majumba marefu yatazameni na mumsifu Allah aliyewapa wajenzi akili. Lakini mkiwa huko mkumbuke kwamba kuna mtoto amekaa mkekani, msahafu umefunguliwa mbele yake, na jua linazama.

Tunamwomba Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa, atulinde na elimu isiyonufaisha, na awajaalie wasafiri wetu kurudi salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.